Kabla hujamkutanisha kijana na mshauri, ingia kwanza nyumbani kwao

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa kiume wa hapahapa Tanga, nasimamia kikundi cha vijana Makorora. Mwaka jana tuliwakutanisha watoto wa miaka 13 hadi 16 na watu wazima waliojitolea kuwa kaka washauri na dada washauri, kila mtoto na wake, wawe wanaonana mara moja kwa wiki kwa mwaka mzima. Washauri tuliwapa semina ya siku tatu. Wazazi walitia saini fomu. Haikufika miezi mitatu, zaidi ya nusu ya watoto wakawa hawaji tena. Mama mmoja alimfuata mshauri kazini kwake akamwuliza anamtakia nini mwanawe. Mzazi mwingine alitaka mshauri alipe nauli ya shule ya mtoto. Tunataka kuanza tena Januari, na washauri wazuri tunao. Watoto na wazazi tuwaandae vipi safari hii?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nafurahi kwamba mmeumia na bado mnataka kurudi kwa watoto walewale.

Nianze na yule mama aliyemfuata mshauri kazini. Usimweke kwenye hesabu ya matatizo. Mtu mzima asiye ndugu anakutana na mwanawe kila wiki, na yeye anachokijua juu ya mtu huyo ni karatasi aliyoletewa na mtoto jioni, akaitia saini huku jicho liko kwenye sufuria. Alikwenda kuuliza. Mimi wangenitia wasiwasi zaidi wale wazazi ambao hawakuuliza kitu. Mkiweza, mwombeni huyo mama afuatane nanyi mnapokwenda kwenye nyumba mpya, kwa sababu maswali yake ndiyo ya wenzake wote.

Barua yako inaeleza siku tatu za semina kwa washauri. Kwa wazazi kuna sentensi moja ya fomu, na kwa watoto hukutaja hata saa moja ya maandalizi. Uhusiano huu unabebwa na pande tatu: mshauri, kijana, na nyumba anayolala kijana. Ninyi mliuandaa upande mmoja, hizo mbili nyingine mkazikuta njiani.

Madhara yake ni makubwa kuliko watoto kuchoka na kuacha. Utafiti unaotajwa sana katika kazi hii ulifanyika Marekani, kwa watoto 959 wa miaka 10 hadi 16 katika miji 8, chini ya Big Brothers Big Sisters, shirika linalowakutanisha watoto na washauri, na ripoti yake ikatoka mwaka 1995. Waliopewa washauri walitoroka shule kwa uchache zaidi, na walioanza dawa za kulevya miongoni mwao walikuwa wachache, ukiwalinganisha na wenzao waliokuwa bado kwenye foleni. Miradi mingi ya vijana hupenda kunukuu hilo. Mwaka 2002 watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes waliziangalia upya takwimu zilezile kwa kufuata muda ambao kila uhusiano ulidumu. Faida kubwa ilikwenda kwa waliofikisha mwaka au zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulikatika ndani ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini na katika kujiamini kwao kimasomo kuliko watoto ambao hawakupewa mshauri kabisa. Mtoto ambaye baba aliondoka, kisha kaka mshauri naye akaondoka, hujumlisha mwenyewe. Ndiyo maana nakuomba usikimbilie Januari.

Pwani yetu haikuanza leo kumkabidhi mtoto kwa mtu mzima asiye mzazi wake. Mwari alipewa somo, yaani mwanamke wa kumfunda, kijana alipelekwa kwa fundi seremala au kwa maalimu, na jambo lilikuwa na utaratibu wake. Wazee walikwenda kumwomba huyo mtu. Mtoto alijua anakwenda kwa nani. Somo naye hakupotea ngoma ilipokwisha: harusini yupo, uzazini yupo, msibani yupo. Ndani ya unyago yamo mambo ambayo sitaki yamrudie mtoto wa miaka 13, na sheria pia haiyataki. Ule utaratibu wa kukabidhiana ndio ninaotaka muuchukue, kwa sababu wazazi wa Makorora wanauelewa bila semina.

Kwa hiyo anza na nyumba. Pita kwa mwenyekiti wa mtaa au balozi, kwanza ni heshima, halafu mzazi akiingiwa na shaka ni huyohuyo atakayekwenda kumwuliza. Nendeni wawili, mmoja awe mwanamke wa makamo. Wewe ni mwanamume kijana. Ukipiga hodi peke yako mchana kwenye nyumba ambayo mume yuko baharini, umeshaharibu kabla hujakaa. Uliza saa inayofaa. Mama anayeuza sokoni Mgandini asubuhi hana nafasi nawe, na baba anayevua usiku mchana amelala. Ukimwamsha atakubali chochote ili uondoke.

Ukishakaribishwa, tafuta nani mwenye kauli juu ya mtoto. Fomu ina mstari mmoja wa "mzazi au mlezi", lakini nyumba nyingi zina watu wanne kwenye mstari huo. Unamkuta bibi ndiye anayelea, mama yuko Dar es Salaam kikazi, mjomba ndiye anayetoa hela ya madaftari, baba yuko Korogwe na haonekani mwaka mzima, ila akisema hapana inakuwa hapana. Bibi atakukubalia kwa ukarimu wake, na wiki ya tano mjomba atatokea kuvunja kwa sababu hakushirikishwa. Mwombe bibi ampigie simu mjomba mbele yako, aweke spika, ujieleze mwenyewe. Dakika tano hizo zinazuia mengi. Na kwa binti anayefanya kazi za ndani, tajiri wake hatoshi kuwa mzazi wa kutia saini. Watafuteni wazazi wenyewe, hata kama wako Lushoto.

Sasa yapo mambo ambayo mzazi atakuuliza, na yapo ambayo atayanyamazia. Haya ya kunyamaziwa ndiyo yanayowatoa watoto kwenye mradi, kwa hiyo yataje wewe mwenyewe, bila kusubiri.

La kwanza ni usalama wa mwili wa mtoto. Mzazi ana haki ya kuogopa. Katika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7, wa umri wa miaka 13 hadi 24, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa hiyo lile neno la "ondoa shaka, mama" lisitoke mdomoni mwako. Mwambie shaka yake ina msingi, halafu mweleze mmefanya nini: washauri mliwachuja vipi, nani aliwadhamini, mliuliza wapi juu ya tabia zao. Mpe sheria zenu moja baada ya nyingine kwa maneno ya kawaida. Mvulana atakuwa na kaka, msichana atakuwa na dada. Wataonana mahali pa wazi panapopita watu, uwanja wa Tangamano au barazani kwao, kamwe si chumbani kwa mshauri wala kwenye gari lililofungwa vioo. Magharibi mtoto yuko nyumbani. Hakuna safari ya kulala nje. Hakuna zawadi ambayo mzazi haijui, na hakuna ujumbe wa simu ambao mtoto anaambiwa aufute.

Hiyo ya mwisho itilie mkazo zaidi. Mtu mzima anayemwomba mtoto amfichie siri ameshavunja makubaliano, hata kama siri yenyewe inaonekana ndogo. Mzazi ajue, mtoto ajue, mshauri ajue kwamba wote wawili wanajua. Kisha waache na namba za kupiga: yako, ya mwenzako wa kike, ya afisa ustawi wa jamii wa kata, na 116, simu ya kusaidia watoto ambayo haina malipo. Polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inampa mwanajamii yeyote anayejua haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Mzazi akiona unamwachia namba za kukushitaki wewe mwenyewe, ataanza kukusikiliza kwa namna nyingine.

La pili ni hela. Yule mzazi aliyetaka nauli msimwone mwenye tamaa. Kaletewa mtu mzima mwenye kazi, anayesemekana atamsaidia mtoto wake. Yeye msaada anaoufahamu ni upi? Ada ya sekondari za serikali iliondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita ikafuata mwaka wa masomo 2022/23, lakini sare, madaftari, michango na nauli bado vinamkaba mzazi. Sema siku ya kwanza, kabla chai haijamiminwa: mshauri hatalipa mahitaji ya shule, hatatafuta kazi bandarini, hatakopesha. Kama kikundi kinarudisha nauli ya bajaji kwa siku ya kukutana, taja ni kiasi gani na nani anatoa. Wapo watakaojitoa hapohapo. Waache waende kwa amani, kwa kuwa kujitoa siku hiyo hakumvunji mtoto moyo kama kujitoa mwezi wa tatu.

La tatu linagusa heshima ya mzazi, na wengi hawatalisema hata ukikaa nao mpaka jioni. Mama anaogopa mwanawe atarudi nyumbani akiona nyumba yao duni. Mshauri amesoma, anavaa vizuri, anazungumza mambo ya kompyuta. Yeye anakaanga mihogo kibarazani. Hapa maneno ya kumtuliza hayafai kitu, mpe kazi. Mwombe amweleze mshauri mtoto huyu ni mtu wa namna gani: anapenda nini, akikasirika hufanyaje, anaogopa nini, nini kilimpata ambacho mgeni asikiguse kwa sasa. Mshauri asikilize na aandike, mtoto akiwa nje. Mzazi aliyeulizwa hivyo huanza kusema "kaka yetu" badala ya "yule mtu wenu".

Nyumba moja ya Mwang'ombe, bibi alizungumza nasi huku akikuna nazi, mbuzi katikati ya miguu, hakunyanyua uso muda mrefu. Tulimaliza maelezo yetu yote. Akauliza mambo mawili tu: huyo kijana akija atakaa wapi, na mimi nikiumwa atakuja kuniona? Swali la kwanza lina jibu rahisi, atakaa barazani, ndani haingii mpaka akaribishwe. La pili kila mradi ungepaswa kuwa umelijibu kabla ya kupiga hodi. Kwetu mtu wa mtoto ni mtu wa nyumba. Mshauri ambaye bibi wa mtoto kalazwa hospitali ya Bombo naye hakutia mguu, wala hakupiga simu, atakuwa amejitoa mwenyewe, hata kama Jumamosi zote hajakosa. Waambieni washauri wenu hivyo, na kwenye nyumba msiahidi zaidi ya mnachoweza: kumjulia hali mgonjwa na kufika msibani mnaweza, kuchangia matibabu ni jambo jingine.

Dini isikupe taabu kubwa ukiitaja mapema. Saa za madrasa na za ibada ya Jumapili haziguswi, mshauri hamshawishi mtoto kubadili dini, na kama mshauri na nyumba ni wa dini tofauti mzazi aambiwe kabla ya kukutana, akubali au akatae bila kuulizwa sababu.

Kuna mawili zaidi ambayo mzazi anatakiwa kukubaliana nayo, na haya ni magumu kwake. Kwanza, kutomfanya mshauri kuwa mpelelezi. Mzazi wa kijana wa miaka 15 ana hamu ya kujua anakwenda wapi usiku na anazungumza na nani, na ataona sasa amepata mtu wa kumchunguzia. Elezeni mpaka ulipo: kama mtoto yuko hatarini, ameumizwa, anataka kujiumiza au kuumiza mtu, mzazi ataambiwa na kikundi kitajua. Ila kama anayemuumiza yuko humohumo nyumbani, taarifa itakwenda kwa afisa ustawi wa jamii kwanza. Na mstari huu pia usomwe mbele ya wote, usifichwe. Mengine, kama kumpenda mtu darasani au kuchukia hesabu, yatabaki kwao. Mtoto naye asikie mpaka huohuo kabla hajafungua mdomo kwa mshauri, kwa maneno yaleyale.

Pili, kutoufanya mkutano kuwa fimbo. "Hukwenda madrasa, basi Jumamosi huendi kwa kaka." Nimesikia sentensi hii katika nyumba nyingi, na nyingi zao zinaongozwa na wazazi wema. Mzazi ana haki ya kumwadabisha mwanawe, lakini akikata mkutano anamwadhibu na mshauri aliyekwisha panda baiskeli kutoka Raskazone, na anamfundisha mtoto kwamba mtu huyu ni peremende ya kupewa akiwa mzuri. Yule mtoto aliyekosa adabu wiki hii ndiye anayemhitaji mshauri wiki hii. Mwombeni mzazi atafute adhabu nyingine, na ahadi hiyo itamkwe mbele ya mtoto.

Kwa wasichana ongezeni mazungumzo ya kazi za nyumbani. Binti anakosa mkutano kwa sababu kuna mdogo wa kubeba, maji ya kuteka, na maandazi ya kesho ya kukanda. Msimwandike mtoro kabla hamjakaa na mama yake kutafuta saa mbili katika wiki ambazo nyumba inaweza kumwachia, na kujua nani atashika mdogo. Saa ichaguliwe na mama, kisha mshauri ajipange kwa saa hiyo.

Nikija kwa kijana mwenyewe: mpeni angalau vikao viwili kabla hajamwona mshauri, kimoja na wenzake, kimoja peke yake.

Swali la kwanza kichwani mwake ni "kwa nini mimi?" Mtaani mtu akiandikwa jina, wenzake wanatafuta sababu. Ameiba? Kwao hawana? Mkimwambia amechaguliwa kwa kuwa yuko katika mazingira hatarishi, mmemtia alama mbele ya rafiki zake. Mwambieni kweli iliyo rahisi: mnawatafutia vijana wa rika lake watu wazima wa kuzungumza nao na kujifunza kwao, na nafasi ni yake akiitaka. Kisha muulizeni kama anaitaka, mama yake akiwa mbali. Kama hataki, mzazi aambiwe tu kwamba nafasi haikumfaa kwa sasa, asipigwe wala kusutwa. Kijana aliyesukumwa kwenye uhusiano huu huwa mpole mbele yenu, na Jumamosi ya tatu anaumwa kichwa.

Hapo kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Mtoto aliyelelewa vizuri Tanga anajua kwamba kwa mtu mzima jibu ni "ndiyo" au "naam". Mshauri anauliza "umefurahi?", anajibiwa "ndiyo". "Tukutane tena Jumamosi?" "Ndiyo." Mshauri anaandika kwenye daftari kuwa mambo ni mazuri. Adabu hiyo siitaki ipotee, ila mtoto apewe ndani yake njia ya kukataa. Tunaifanya kwa mazoezi. Weka viti viwili, kijana kimoja, mwenzako kingine akijifanya mshauri. Mshauri anauliza habari za baba aliyeondoka. Mara ya kwanza kijana huinamisha kichwa, hucheka kidogo, hutazama mlango. Unasimamisha, unamuuliza alitaka kusema nini. Mara nyingi huwa kitu kifupi: "Kaka, hilo leo tuliache." Basi alisemee palepale kitini, kwa sauti yake, mpaka litoke bila kuinama. Mfundisheni pia kusema "sitaweza kuja Jumamosi", kwa kuwa vijana wengi hupotea kwa aibu ya kukosa mara moja, wala hawajachoka. Na kwa mtu anayemshika asivyotaka hakuna haja ya adabu yoyote: aondoke, apige kelele, aseme kwa mtu.

Mwambieni kijana pia mshauri wake hatakuwa nani. Hatakuwa mwalimu wa kusahihisha daftari, mfadhili, wala mpenzi, hata wa utani. Mwambieni kwamba mara mbili tatu za kwanza mazungumzo yatakatikakatika na hawatajua wafanye nini na mikono yao, na hiyo ni kawaida. Wasaidieni kuandaa kitu cha kufanya: mechi Mkwakwani, kutengeneza baiskeli, kwenda kuangalia samaki wakipigwa mnada. Wavulana hasa huzungumza mikono ikiwa na kazi.

Kabla hamjagawa washauri, jaribuni jambo moja zaidi. Mwambieni kila kijana ataje watu wazima watatu, nje ya wazazi wake, ambao akipata tatizo angewaendea. Atamtaja kocha, shangazi wa mwenzake, fundi wa gereji barabara ya 12, maalimu. Huko Marekani, kwenye National Guard Youth ChalleNGe, programu ya vijana walioacha shule, kijana mwenyewe ndiye anayemtaja mtu mzima anayemfahamu, halafu mtu huyo anachujwa na kufundishwa kama wengine. Mimi naona kwa mji wetu njia hii inafaa kuliko kuleta mgeni kila mara, kwa sababu mjomba na bibi wanamjua tayari huyo fundi na hata kwao wanapajua. Kuchujwa achujwe vilevile. Kufahamika si hati ya usafi. Kwa watoto ambao hawakuweza kutaja hata mmoja, hao ndio wapewe wale washauri wenu wazuri kuliko wote.

Siku ya kukutanishwa iwe ya watu wote watatu, nyumbani kwa kijana kama nyumba imeridhia. Chai ya rangi inatosha, mzazi awe mwenyeji, mshauri asije na mfuko wa zawadi. Makubaliano yasomwe kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida, kwa kuwa wapo wanaotia saini wasichoweza kusoma na hawatakuambia. Yawe ukurasa mmoja: siku, saa, mahali, muda wa mwaka mmoja, nani anampigia nani mtu asipoweza kuja, mpaka wa siri, na mwisho utakuwaje. Kama simu ya nyumba ni ya mama, ujumbe unapita kwa mama.

Huo mwisho uzungumzwe siku hiyohiyo ya kwanza. Mji wetu unasemwa "waja leo waondoka leo", na vijana wameona miradi mingi ya namna hiyo. Mshauri anaweza kupata uhamisho, kijana anaweza kuchaguliwa kidato cha tano mkoa mwingine. Ahadi iwe kwamba hakuna atakayeondoka bila kuaga: wiki kadhaa kabla, ana kwa ana, mzazi akijua, na simu ya kuulizana hali baada ya hapo ikikubaliwa au kukataliwa wazi.

Wale walioacha mwaka jana wafuateni kabla ya kuandikisha jina jipya. Mshauri aliyeacha ghafla mwombeni aje aage japo amechelewa. Akikataa, nenda wewe na mwenzako, mwambie mtoto mbele ya mzazi wake kwamba halikuwa kosa lake na kwamba kikundi hakikuwaandaa. Muulizeni kama anataka kujaribu tena. Akinyamaza, mpeni muda, msimbembeleze.

Januari ni mwezi mbaya wa kukutanisha watu. Wazazi wanahangaika na sare na madaftari, na vijana wa kidato cha kwanza hawajajua hata njia ya shule. Januari tembeleeni nyumba, nyumba mbili tatu kwa wiki. Februari fanyeni vikao vya vijana, na washauri wakae na wazazi kusikiliza habari za mtoto. Angalieni Ramadhani inaangukia wapi. Kama iko karibu, malizeni ziara kabla yake na kukutanisha kusubiri mpaka baada ya Idi, kwa sababu jioni za mfungo nyumba haina nafasi ya mgeni mpya. Aprili ikifika na nyumba tisa tu ndizo zilizo tayari, anzeni na hizo tisa. Washauri waliobaki wapeni kazi ya kusaidia masomo ya pamoja pale kwenye kikundi, wazazi wawe wanawaona.